Dakika Aliyoitoa Arbitri

Wapo watu unaowakumbuka wakitembea, wengine wakila. Yeye namkumbuka amesimama pembeni ya kitu: ukingo wa barabara, kizingiti cha mlango, mstari wa uwanja. Hakukanyaga mstari wowote. Hata uani kwetu, ambapo marehemu baba alikuwa amemwaga saruji kidogo mbele ya mlango, alisimama pale saruji ilipoanzia, ncha za viatu vyake vyeusi zikiwa bado kwenye udongo, akasubiri aambiwe aingie. Ukimwambia ingia, aliuvuka mpaka ule kwa hatua moja ndefu, kama mtu anayeruka mfereji.

Mtaani kwetu Nyakabiga aliitwa Arbitri, basi. Alikuwa mwamuzi wa mpira wa kikapu. Asubuhi alikwenda kazini kwenye ghala la kahawa, na alasiri alikuwa kwenye uwanja wa nyuma ya shule. Jina lake nalijua, niliwahi kulisikia likitajwa kanisani, lakini sioni faida ya kuliandika. Ungemwita kwa jina hilo asingegeuka.

Naandika habari zake kwa sababu ya mdogo wangu Fideli, ambaye yuko hai, na ambaye kwa miaka mingi alikataa kumsalimia.

Nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali mabichi. Alikuwa mrefu, mkavu, na shingoni alikuwa na alama ya kamba ya filimbi, kwa sababu filimbi hiyo hakuivua, hata kwenye misa, hata akiwa na homa. Alilala nayo. Najua kwa sababu alikuwa akiipuliza usingizini. Mlio ulikuwa mfupi na mkavu, halafu kimya, na kile kimya ndicho kilichotuamsha. Mwanzoni wadogo zangu waliogopa. Baadaye Goda, mdogo wetu wa kike, alizoea kusema gizani, "Kuna mutu amefanya foti," yaani kosa la mchezo, na Emeri, kitinda mimba, alicheka mpaka akapaliwa. Lakini niliona kwamba hakuna aliyelala tena mpaka filimbi ya pili ilie, ile ya kuruhusu mchezo uendelee. Usiku mwingine haikulia.

Mtu huyo huyo, aliyekuwa mkali kwa kila mguu na kila kiwiko, aliiba kwenye karata bila haya. Alicheza na mafundi baiskeli kwenye kona, siku za Jumamosi, na aliingiza karata ndani ya mkono wa shati mbele ya macho yao. Walimlalamikia. Alijibu kwamba karata hazina arbitri, na kama wanataka mmoja wamtafute, ila yeye siku hiyo amepumzika.

Mara moja aliitwa Kiriri, kule mlimani kwa wakubwa, kwenye nyumba iliyokuwa na uwanja wake binafsi. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kitambaa, glasi mkononi. Timu ya wanawe ilipoanza kuzidiwa, aliinua glasi ile akaomba mapumziko. Arbitri alimwambia kwa heshima zote kwamba mapumziko huombwa na kocha, mezani, na si na mzazi kutoka kwenye kiti. Hakuna gari lililomrudisha mjini. Alishuka kwa miguu, akisimamishwa kwenye kila kizuizi cha askari, na alipofika kwetu alikuwa na huzuni kubwa. Nilifikiri ni kwa sababu ya aibu. Kumbe aliondoka kabla ya chakula, na alikuwa ameona mbuzi akichomwa.

Wazazi wetu walipanda milimani mwaka ule vita vilipoanza, kwenye matanga ya shangazi, na hawakurudi. Nilikuwa sekondari, mwaka wa pili. Sikurudi darasani. Nilifungua kibanda mbele ya nyumba, nikauza dagaa wa ziwani tunaowaita ndagala, chumvi, sabuni na mishumaa. Majirani walikuja kutupa pole kwa siku kadhaa, kisha wakapungua, maana kila nyumba ilikuwa na mambo yake. Ndipo Arbitri akaja. Alisimama pale saruji inapoanzia akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kapiteni apa?" akauliza.

Fideli, aliyekuwa mkubwa baada yangu na tayari mrefu kunishinda, alininyooshea kidevu.

"Basi mi nitaongea na kapiteni tu. Bengine mukae kimya."

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Emeri akivunja dirisha la mtu, Goda akichelewa mtoni, Arbitri aliniletea habari mimi, mikono mgongoni, akiniita Kapiteni. Hakusema pole hata mara moja. Nilimshukuru kwa hilo kuliko alivyojua. Wakati ule nilikuwa nataka kitu kimoja tu maishani: kila jioni nikifunga mlango, wote watatu wawe ndani.

Vijana wa timu ya mtaa, Fideli akiwamo, walifundishwa naye sheria kwenye kivuli cha ukuta wetu. Hakujali sana kufunga vikapu. Kufunga, alisema, kila mutu anaweza. Kusimamisha mchezo na kuuanzisha tena, hapo ndipo penye basiketi yenyewe. Kwa hiyo aliwarudisha daima kwenye mambo mawili, mpaka nami nikayashika nikiwa napima ndagala.

La kwanza ni dakika. Kocha anayetaka timu yake ipumzike hamwombi mwamuzi. Anakwenda mezani, anaonyesha ishara kwa mikono. Meza nayo inangoja mpira ufe, yaani utoke nje au filimbi ilie, halafu inapiga kengele. Kwetu ilikuwa kengele ya baiskeli iliyokazwa kwenye ubao. Mwamuzi akisikia, anaitoa dakika moja.

La pili ni kuurudisha mpira. Unarudi kutoka nje ya mstari, karibu na pale mchezo uliposimama. Mwamuzi anauweka mikononi mwa mchezaji, anarudi nyuma, na mkono wake unaanza kuhesabu sekunde tano hewani. Kuanzia pale mpira unapogusa ile mikono, umefufuka. Aliyetaka dakika alipaswa kuiomba kabla.

Siku moja alituonyesha kwa birika letu la chai. Alimpa Goda alishike.

"Sasa iko hai," alisema. "Ata Baba Mutakatifu akiomba dakika, amechelewa."

Goda alisema linaunguza. Arbitri alirudi nyuma, akapunga mkono mara tano taratibu, ndipo akalipokea. Emeri aliigiza jambo hilo kwa wiki nzima.

Mwaka uliofuata mtaa ulianza kujifunga. Vijana waliweka mawe na matairi kwenye njia, wakasema wanatulinda. Labda mwanzoni walitulinda. Baadaye walianza kupanda magari na kwenda mitaa mingine, na wakirudi walikuwa kimya, au walikuwa na redio na magodoro, au walirudi wachache. Mtu asiyekwenda aliulizwa yuko upande gani. Kocha wa zamani wa timu alivuka mpaka kwenda Uvira na familia yake. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana aliyevaa koti la ngozi hata jua likiwaka, na watu walimwita Kocha kwa sauti ya chini kidogo. Kusema kweli, mpira aliujua. Wachezaji walimpenda. Na aliwachukua kwenye safari zake mmoja mmoja, akianzia na warefu.

Jumamosi moja mteja wangu aliniambia huku akichagua sabuni kwamba kesho yake, mechi ikiwa inaendelea, gari litakuja uwanjani, na kwamba Fideli ni mmoja wa watakaopanda. Nilimuuliza kwa nini wasingoje mechi iishe. Alisema barabara hufungwa na askari jua likizama, na kule waendako wanataka kufika mapema.

Nilimuuliza Fideli. Alisema ni kazi ya kulinda tu, na kwamba hawezi kuwa yeye peke yake anayebaki nyuma ya sketi ya dada yake. Nilimwomba. Nikamfokea. Alinitazama kwa huruma, akaenda kulala.

Kulipokucha nilikwenda kwa Arbitri. Alikuwa uani kwake anafua kamba za viatu kwenye beseni. Nilimweleza yote, nikamwambia: wewe wanakusikia, msaidie.

Alizikamua kamba, akazitandika juu ya jiwe, moja kando ya nyingine.

"Kapiteni," akasema, "mi sina timu."

Nilimwambia sijaja kuomba habari za mpira.

"Najua. Lakini ile gari iko na pahali ya kuketi. Nikiondosha mumoja, wanaingiza mwingine. Ule mwingine naye iko na dada."

Nilirudi nyumbani nikimchukia.

Sasa niseme jambo ambalo mgeni hataliamini. Wale vijana, ambao barabarani walimsimamisha yeyote, waliheshimu uwanja ule. Kocha angeweza kuingia akamshika Fideli mkono akamtoa. Hakufanya hivyo, na hakuna aliyetarajia afanye hivyo. Alitaka kumtoa kwa dakika, wachezaji wakija benchi, kama kocha. Ukutani waliketi askari na ofisa wao aliyependa basiketi kupita kiasi, na mbele ya mtu yule vurugu uwanjani zilikuwa aibu. Lakini si hilo tu. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anataka pabaki mahali pamoja mjini ambapo mtu bado anaweza kuambiwa umekosea, akarudi nyuma.

Nilikaa nyuma ya meza. Gari, pikapu ya buluu, ilikuwa langoni, injini haikuzimwa. Mchezo ulikuwa wa kubanana, na kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho mpira ulipotoka nje, mbele yetu kabisa. Ulikuwa wa timu yetu. Kocha alisimama. Alikuja mezani akaonyesha ishara ya dakika.

Hapa ndipo watu wa Nyakabiga walipogombana kwa miaka. Mwenye kengele, karani mmoja mzee, aliapa kwamba aliipiga mara tu alipoona ishara. Wengine walisema aliipiga mpira ukiwa umeshatolewa. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na wakati ule ule pikapu ilipiga honi, na mpaka leo sijui masikio yangu yalisikia nini. Nilichoona ni Fideli nyuma ya mstari, mikono ameinyoosha, na Arbitri anauweka mpira ndani yake.

Arbitri alirudi nyuma. Mkono wake ulianza kuhesabu.

"Dakika," Kocha alisema kwa nguvu. "Nimeomba dakika."

Arbitri hakumtazama. "Umechelewa. Mpira iko hai."

Kocha alipiga hatua moja. Kule ukutani yule ofisa alicheka, akamwambia, "Kaa, bwana kocha. Umesikia." Askari wake wakacheka pia. Kocha akakaa.

Fideli alirusha mpira, mchezo ukaendelea. Na tangu hapo filimbi haikulia.

Si rahisi kumweleza mtu asiyemjua. Arbitri aliwahi kupuliza kwa sababu ya ukucha. Sasa mchezaji alikimbia na mpira bila kuudundisha, naye alikimbia kando yake, filimbi mdomoni, mashavu yamelala. Mwingine alisukumwa akaanguka kifudifudi, Arbitri akamruka. Mwanzoni watazamaji walipiga kelele. Kisha walipunguza, kisha wakanyamaza kabisa, na uwanja mzima ukabaki na sauti ya viatu na pumzi. Wachezaji walianza kumtazama usoni huku wakikimbia. Hawakuelewa, na hawakuthubutu kusimama. Mpira uligonga chuma upande huu, ukagonga upande ule, haukuingia. Uliviringika mpaka kwenye mstari mbele ya miguu yangu, ukasita pale kama unasikiliza, ukarudi ndani. Hakuna upepo uliokuwapo. Nililiona jambo hilo, na Goda aliyekuwa amenishika mkono aliliona, na hatujawahi kulizungumza.

Kabla mpira haujafa, hakuna dakika wala kubadilisha mchezaji. Kocha alilijua hilo kama sisi. Pikapu ilipiga honi tena, na tena. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mapaa. Kocha alitazama lango, akamtazama ofisa, kisha akamgusa bega kijana aliyeketi kwenye benchi pembeni yake.

Yule kijana aliitwa Bosko. Alikuwa wa akiba, mpole, mwenye macho ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mama yake alikuwa mteja wangu wa kila siku. Bosko alichukua mfuko wake, akauliza kama watarudi kabla mechi haijaisha, maana labda ataingizwa. Kocha alimwambia ndiyo. Wakaenda.

Filimbi ya Arbitri niliisubiri kwa masikio, maana macho yangu yalikuwa langoni. Injini ilikwenda, ikapinda kwenye soko, ikafifia. Ilipokuwa haisikiki tena, filimbi ililia, ndefu. Arbitri aliuchukua mpira, akanyoosha kidole kwenye benchi letu, akatoa dakika.

Aliitoa kwa timu ambayo kocha wake alikuwa ameondoka. Vijana walikuja kwenye benchi tupu wakasimama duara, wakiinamisha vichwa kama wanavyofanya siku zote, na katikati yao hakuna aliyesema kitu. Arbitri alisimama mbali, mpira umelala miguuni pake. Kabla dakika ile haijaisha tulisikia risasi ng'ambo ya mto Ntahangwa. Hazikuwa nyingi.

Sikungoja mwisho wa mechi. Nilikwenda kusimama langoni ili Fideli akitoka tu nimshike. Jioni nilifunga mlango, wote watatu wakiwa ndani. Kati ya waliopanda pikapu ile hakurudi hata mmoja.

Fideli hakunishukuru, wala sikutaka anishukuru. Kwa siku nyingi alikaa kitandani ameelekea ukutani, ukuta ule wa Arbitri. Alipoongea alisema neno moja: kengele ililia mbele. Aliisikia kabla hajaupokea mpira. Arbitri, alisema, alisikia pia, akajifanya kiziwi, na Bosko amekufa kwa wizi huo. Hakucheza tena. Akimwona Arbitri njiani alivuka upande wa pili. Na mama yake Bosko, aliyekuwa akinunua ndagala kwangu, naye alivuka upande wa pili akiniona mimi. Hakuna aliyemwambia kwamba nilikwenda kuomba. Alijua tu.

Arbitri hakuwahi kujitetea. Mimi mwenyewe nilimuuliza, mara mbili au tatu, kama alisikia. Alitazama juu ya kichwa changu akauliza kama Emeri amelipa lile dirisha.

Kisha zikaja zile siku mji mzima ulipofungwa, watu ndani, maduka ndani, barabara nyeupe. Siku hizo Arbitri alivaa fulana yake ya kijivu akaenda uwanjani. Tulisikia filimbi. Katika mji usio na gari wala redio, ilisikika mpaka chini sokoni, na kwa kuwa tulizijua sheria tuliweza kuufuata mchezo: foti, mpira nje, foti. Kisha mlio mrefu wa dakika, na kimya. Hapo hata mbwa walinyamaza. Askari walimwacha. Nilisikia walisema kwamba mtu yule ana watu wake.

Siku moja nilikwenda kuangalia, nikipita nyuma ya nyumba. Alikuwa peke yake uwanjani. Aliulaza mpira nyuma ya mstari, kama inavyofanywa timu inapochelewa kurudi, akarudi nyuma, akahesabu kwa mkono. Alipofika tano alipuliza, akauchukua, akaulaza kwa ajili ya timu ya pili. Akahesabu tena. Uso wake ulikuwa unafuata kitu kinachotembea.

Nilitaka kumwita. Ndipo nilipoona kwamba kuna mtazamaji. Mama yake Bosko alikuwa ameketi kwenye ngazi za saruji, kitenge amejifunika mpaka kidevuni, naye pia anafuata kwa macho, kushoto, kulia, kushoto. Mara alipiga makofi. Makofi mawili matatu ya furaha, kama mama yeyote ambaye mwanawe amefanya vizuri.

Nilirudi nyumbani nikitembea kinyumenyume mpaka kwenye kona. Emeri aliniuliza nani anaongoza. Nikamwambia wako sawasawa.

Mama yule alifariki kwa malaria vita vikiwa bado. Arbitri alihama muda mfupi baadaye, bila kuaga. Nyumba yake waliingia watu wengine, na usiku ukuta ulikuwa kimya.

Miaka ikapita. Goda aliolewa, Emeri alijifunza useremala. Fideli alipata kazi ya kuendesha lori la mchanga kwenye barabara ya Gatumba. Alikuwa mtu mzuri kazini na mgumu nyumbani, hakuoa, na kila aliposikia kengele ya baiskeli alinyamaza katikati ya neno. Nilikuwa nimemhifadhi, lakini sikujua nimehifadhi nini.

Mwaka ule watu walipoanza kuzungumzia kura, nilikwenda Kajaga kununua ndagala kwa wavuvi wenyewe. Mwanamke aliyenipimia aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Nyakabiga alisema, "Kumbe. Muzee wetu naye ni wa uko. Anaongea juu yenu kila siku." Alikuwa mtoto wa dada yake Arbitri. Alisema mzee amepofuka, hali chakula vizuri, na pengine hatafika msimu wa mvua.

Nilimwambia Fideli jioni hiyo. Nilitegemea akatae. Akasema kesho lori linapita njia ile.

Tulimkuta ndani, kwenye chumba kilichonuka samaki na dawa, ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Filimbi ilikuwa shingoni. Alitambua hatua zangu.

"Kapiteni," akasema. "Umekuja na batu."

Nilimwambia nimekuja na Fideli. Alitikisa kichwa, kama mtu ambaye hesabu yake haijatimia lakini hataki kubishana na mgeni. Tulimsalimia. Tulisema habari za mtaa, nani amejenga, nani amerudi kutoka Tanzania. Fideli alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. Mwishowe akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Mzee. Ile siku. Kengele ililia?"

Arbitri hakuuliza siku gani.

"Ililia."

"Mbele ya kunipa mpira, ao nyuma?"

"Mbele."

Nilisikia Fideli anavuta pumzi. Nilifikiri atapiga kelele, au atatoka. Arbitri aliendelea, polepole, macho yake meupe yakielekea dirishani.

"Dada yako aliniomba, nikamukatalia. Mi nilikuwa nimekata shauri. Alafu nikaona we unakuja pale mustarini, unanyosha mikono kama mutoto anaomba mukate. Nikakupa. Ni ivyo tu. Sikufikiri kitu."

"Na Bosko?"

"Bosko nilimuona anabeba mufuko yake. Nilikuwa na filimbi mu kinywa. Ningepuliza, wangekukamata we. Sikupuliza. Usiniombee musamaha kwa mutu, na usinipe asante. Vyote viwili mi sivitaki."

Fideli aliingia hatua moja, akasimama tena. Hapo mzee aliweka viganja kwenye mkeka, akajisogeza kwa shida kuelekea ukutani, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yake. Aliipangusa kwa mkono.

"Mupishe," akamwambia Fideli. "Anasimama nyuma yako tangu mumefika."

Nilitazama nyuma ya ndugu yangu. Mlango ulikuwa wazi, nje kulikuwa na jua na nyavu. Mpwa wa mzee, yule muuza ndagala, aliingia na chai, akaweka vikombe chini: changu, cha Fideli, cha mzee, na kingine pale kwenye nafasi tupu. Hakuuliza kitu. Alivipanga kama anavyovipanga kila siku, akatoka.

Fideli alisogea upande, akapisha mlango. Alisimama pale mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Kisha alivua viatu, akaja akaketi upande wa pili wa ile nafasi, miguu yake mirefu ameikunja, akageuza uso pale palipo tupu. Sijawahi kusikia sauti ile kwake tangu alipokuwa kijana.

"Tulipoteza, Bosko," alisema. "Kwa kikapu kimoja. Mpira wa mwisho ulinipita apa, juu ya mukono. We ungeukamata."